Karatasi Mbili za Baba Shija

Minza mwanangu,

Usianze kucheka. Najua hujawahi kupokea barua yangu, na isitoshe tunalala nyumba moja. Mama yako yuko sebuleni anapambana na begi lako. Kila baada ya dakika mbili ananiita nikalikalie ili zipu ifunge, nami naitikia "nakuja" na siendi. Wewe umekwenda parokiani kuagana na wanakwaya wenzako, na kwa ninavyokujua hurudi mpaka jua lizame. Kwa hiyo nina muda kidogo na hasira nyingi, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutopanda pikipiki ya mtu usiyemjua, ya kwenda misa hata kama huko Geita kanisa liko mbali, nayaruka yote. Mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita, na bibi yako amepiga simu kutoka Ushirombo ili ayarudie kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nataka tuzungumze kuhusu daftari lako la kijani.

Nililifungua. Nilikuwa natafuta kalamu asubuhi, nikalikuta mezani, kwenye ukurasa wa zoezi la yale mafunzo ya Kiingereza cha ofisini waliyokupa waajiri wako wa Geita kabla ya kuanza kazi. Juu umeandika kwa herufi kubwa: maneno ya kupotosha ukweli na namna ya kuyatumia. Chini yake safu nzima imepangwa vizuri. Exaggerate, kutia chumvi. Embellish, kupamba. Mislead, kumpoteza mtu njia. Misrepresent, kumsema mtu au jambo sivyo lilivyo. Gloss over, kupitia juu juu ili watu wasione. Water down, kutia maji. Mbele ya kila neno umeacha nafasi ya kutunga sentensi, na karibu nafasi zote ni tupu.

Nilisimama pale na kalamu mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilijiambia, huyu mtoto anafundishwa Kiingereza cha uongo kabla hajapewa hata meza! Halafu nikaona kwamba nafasi moja umeijaza. Mbele ya water down umeandika kwamba uliwahi kuitia maji karatasi ya jirani yetu ulipomsomea, kwa sababu chini yake kulikuwa na jina la baba yako. Mwalimu wenu amepiga vema kwa wino mwekundu na kuandika kwamba ni sentensi nzuri.

Nzuri! Nilitaka kumtafuta huyo mwalimu nimuulize anaona uzuri gani.

Kwa hiyo ulijua. Miaka yote hii nimekaa nawe mezani, umenipakulia ugali, umenisalimu shikamoo kila asubuhi, na ulijua. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba uliiona karatasi na hukufika chini. Sasa nimeona afadhali nikupe nusu ambayo huna, maana unakwenda kukaa kwenye kiti kilekile nilichokalia mimi, tena cha kwako kina magurudumu.

Miaka ile nilikuwa karani wa kampuni ndogo iliyokuwa inashusha mizigo hapa Isaka, mashine na mabomba ya chuma, kutoka kwenye mabehewa kwenda kwenye malori ya migodini. Kampuni yenyewe ilishakufa. Ubao wa jina lake leo ni mlango wa banda la kuku la mtu. Nilikuwa mtu pekee pale uwanjani aliyeweza kuandika Kiingereza kilichonyooka, na nilijisikia sana. Nilikuwa navaa shati jeupe, Minza. Shati jeupe kwenye vumbi la Isaka! Mama yako alikuwa analifua huku analaani, nami namwambia hajui maana ya ofisi.

Baba Shija, jirani yetu, jina lake Mabula, alikuwa mfunga mizigo. Wewe ulikuwa darasa la tatu, sijui kama unaikumbuka sura yake; alikuwa mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, na kila akipita hapa kwetu alikuwa anakuita "mke wangu" ukakimbilia ndani. Kazi yake ilikuwa kuzungusha mkanda wa kunyanyulia kwenye mabomba, kuangalia kama umekaa sawa, ndipo ampungie mkono mwendesha kreni. Kabla ya kila mzigo alikuwa anaupitisha mkanda wote kwenye kiganja, polepole, mwanzo hadi mwisho, wenzake wakimzomea kwamba anawachelewesha. Sijawahi kuona mtu mwangalifu kama yule.

Jumatatu moja alikuja ofisini kwangu na mkanda begani. Akautupa juu ya meza yangu, vumbi lote kwenye karatasi zangu.

"Karani, huu umekwisha. Ona nyuzi zinavyotoka."

"Nimeona. Naandika."

"Unaandika au unanisikiliza tu?"

"Naandika, Mabula. Daftari hili hapa, kalamu hii hapa. Unataka na kiapo?"

Akacheka kwa lile pengo lake, akatoka. Na kweli niliandika. Niliandika kwenye daftari la matengenezo, nikapeleka kwa meneja, meneja akasema mwezi ujao. Jumatano Mabula akarudi, safari hii hakuingia, alisimama mlangoni tu: "Karani, ule mkanda bado." Nikamjibu kwamba jambo lake liko mezani. Ijumaa kabla ya saa sita mabomba yalianguka, na Mabula alikuwa pale ambapo mfunga mizigo huwa.

Hiyo ndiyo ajali. Sikuisababisha mimi, na nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka maneno yenyewe yamechakaa. Ninachokwambia kiko baada ya hapo.

Siku ileile alasiri meneja alinipa fomu. Utaziona fomu hizo, hazijabadilika sana. Kuna mahali pa tarehe, mahali pa jina, halafu kuna kisanduku kimeandikwa chanzo cha ajali. Ni kidogo, Minza. Mkanda uliochakaa, daftari la matengenezo, mtu aliyekuja Jumatatu akarudi Jumatano, meneja aliyesema mwezi ujao, karani aliyejibu kwamba jambo liko mezani, vyote hivyo haviingii mle. Kinachoingia vizuri ni jina la mtu mmoja, hasa kama ameshakufa.

Meneja alisimama nyuma yangu. Nataka uelewe hili kwa sababu na wewe watasimama nyuma yako. Hakuniambia nidanganye. Angeniamuru, leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu, ningelala. Aliniambia, "Andika vizuri, itasomwa na watu wakubwa," akaenda kunywa chai. Neno hilo tu. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu na shati langu jeupe, nikalielewa.

Nikaandika kwamba marehemu alishindwa kufuata taratibu na alishindwa kusimama umbali salama kutoka kwenye mzigo. Kwa Kiingereza, failed mara mbili katika mstari mmoja. Nikaisoma, nikaona imetulia, imekaa kitaalamu, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu sikukosea herufi hata moja.

Ukilishika kila neno peke yake ukaliuliza, litajitetea. Alikuwa karibu na mzigo, ni kweli. Mfunga mizigo atasimama wapi, Kahama? Kuna utaratibu uliosema mkanda mbovu usitumike, na mkanda mbovu ulitumika, ni kweli pia. Alikuwa na mwingine wapi? Sikutia chumvi hata punje. Sikupamba. Ndiyo maana nakwambia maneno ya kwanza kwenye orodha yako, exaggerate na embellish, usiyahangaikie sana. Hayo ni ya wachimbaji wadogo wakiwa na bia, mtu aliyeokota punje ya dhahabu akasema ni ukubwa wa yai. Hayadhuru mtu. Yanayoua ni yale ya chini ya ukurasa, ambayo unaweza kuyafanya bila kusema jambo moja la uongo.

Sasa sikiliza nilichofanya baadaye, maana hapa ndipo ninapojishika kichwa.

Mabula alizikwa kwao, upande wa Bukombe. Tulikwenda na lori la kampuni, jeneza katikati, sisi pembeni. Asubuhi ile wazee wa familia walinifuata wakasema, Baba Minza, wewe ni mtu wa kalamu na umefanya naye kazi, tuandikie wasifu wa marehemu na uusome makaburini. Ningekataaje? Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, nikatoa kalamu ileile, nikaandika. Na kwa Kiswahili, mwanangu, niliandika ukweli mtupu. Niliandika kwamba alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote. Niliandika kuhusu kiganja chake na mkanda. Niliandika kwamba hakuwahi kuinua mzigo bila kuukagua, na kwamba vijana wengi uwanjani wako hai kwa sababu yake.

Nikasimama juu ya kaburi nikausoma. Watu walilia. Padri mwenyewe alivua miwani. Mama Shija alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, na niliposoma habari ya kile kiganja alitikisa kichwa kama mtu anayesema ndiyo, huyo ndiye. Meneja alikuwa mstari wa mbele, mikono nyuma, akiitikia kwa heshima. Na nakala ya ile ripoti ilikuwa mfukoni mwangu, mfuko uleule nilimoutoa wasifu. Zilikuwa zimelala pamoja, karatasi mbili za mtu mmoja, na hakuna aliyezijua zote mbili ila mimi na meneja. Watu walikuja kunishika mkono wakanipongeza kwa Kiswahili changu.

Baada ya siku arobaini Mama Shija alikuja uwanjani kuchukua vitu vya mumewe. Akapewa kofia ngumu, viatu, kitambulisho, na bahasha ya karatasi za kampuni. Mimi ndiye niliyemkabidhi. Alifungua bahasha, akaona mwandiko wangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ni wewe uliyeandika na hii?"

"Ni mimi."

"Wabeja, Baba Minza. Asante sana."

Hajui Kiingereza. Alidhani ni wasifu uleule, umeandikwa kwa lugha ya ofisi. Nani angedhani vinginevyo? Mkono ni mmoja, marehemu ni mmoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja pale, fupi tu. Nikamwambia aitunze isilowe.

Naye ameitunza, unavyojua. Iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti chao cha ndoa, na kila mwaka jumuiya yetu ikisali kwake kumwombea Baba Shija, anaitoa na kuiweka mezani kando ya mshumaa. Umeona mwenyewe mwalimu wa sekondari anavyogeuza macho. Katekista naye anaisoma vizuri kabisa, halafu anaanzisha wimbo. Mtaa mzima unajua inachosema karatasi ile, na mtaa mzima unapitia juu juu. Kama ulikuwa umekosa mfano wa gloss over, jumuiya yetu iko tayari kukupa kila mwaka, na mimi nimekaa mbele kabisa nikiongoza fungu la rozari.

Kuna jingine hukuambiwa. Ripoti ile haikukaa kabatini. Meneja aliigeuza kuwa somo, akaisoma kwenye kikao cha usalama cha kila asubuhi kwa vibarua wapya: msifanye kama Mabula. Kampuni ikafa, vibarua wakahamia kwenye kampuni nyingine, somo wakahama nalo. Mpaka leo pale bandari kavu ya Isaka kijana akisimama vibaya wenzake wanampigia kelele, "Acha umabula wewe!" Wengi hawajui kama Mabula alikuwa mtu. Wanadhani ni neno tu, kama uvivu, kama uzembe. Mwanaume aliyekuwa anapapasa kila uzi wa mkanda ndiye amekuwa jina la uzembe, na jina hilo nilimpa mimi kwa Kiingereza kisicho na kosa.

Mama Shija alilisikia siku moja akiwa anauza uji getini. Ndipo alipochukua karatasi yake akaja kwetu, mimi nikiwa Kahama, akakukuta wewe. Ulikuwa kidato cha pili na umeshinda zawadi ya Kiingereza. Alikukalisha kwenye benchi lile la nje akakuomba umsomee, neno kwa neno, ajue kama ni kweli mumewe alikuwa mzembe.

Nikarudi jioni ukanisimulia ukiwa umesimama, mikono imeshika sketi ya shule. Ulisema, "Baba, nimemsomea vizuri." Nikakuuliza vizuri vipi. Ukasema umemwambia imeandikwa kwamba alikuwa anafuata taratibu na alikuwa anasimama mbali na mizigo, na kwamba ilikuwa bahati mbaya. Ulikuwa unanitazama. Nilipaswa kuona vile ulivyokuwa unanitazama. Ulikuwa unasubiri nikugombeze, sasa naelewa, ulitaka nikugombeze. Mimi nikapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua gunia, nikakushika kichwa nikasema, "Una akili sana, mwanangu. Umefanya la maana."

Hilo ndilo kosa langu, Minza, kuliko hata ile ripoti. Ripoti niliandika nikiwa na hofu ya kufukuzwa, na mtu anaweza kuielewa hofu. Lakini siku ile sikuwa na hofu ya mtu. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyekuja kuniuliza, bila kuuliza, kama hivi ndivyo tunavyoishi hapa nyumbani. Nami nikamjibu ndiyo, tena nikamsifu.

Sasa unakwenda kuandika ripoti za usalama. Nilipopata habari nilichinja jogoo nikacheka na majirani, halafu nikaenda chooni nikakaa kule muda mrefu. Sikuzuii. Kazi ni nzuri, kiti ni kizuri, na afadhali ukae wewe kuliko mtu mwenye shati jeupe. Wala usije ukasema baba amekuambia Kiingereza ni kibaya. Kiingereza hakina kosa. Tunajua kudanganya kwa Kiswahili na kwa Kisukuma vizuri tu, tena kwa madaha. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba nikidanganya kwa Kisukuma namwona mama yangu mbele yangu amenikunjia uso, lakini nilipokuwa naandika kwa Kiingereza sikuwa namwona mtu yeyote. Ni kisanduku tu na wino. Kama kuna kitu kimoja nataka uchukue, basi ni hicho: kabla hujajaza kisanduku, mtafute mtu mmoja umwone usoni, mke wake au mwanawe, umsomee kichwani mwako kwa lugha ya nyumbani. Ukiona huwezi kumsomea, futa. Kisanduku kikiwa kidogo, andika nyuma ya karatasi. Nyuma ya karatasi huwa hapana kitu.

Wakikukasirikia, watakukasirikia. Sina dawa ya hilo, mimi mwenyewe niliogopa.

Leo baada ya kuliona daftari lako nilishindwa kula mchana. Saa tisa nikavaa viatu nikaenda kwa Mama Shija, peke yangu, bila kumwambia mama yako. Nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka nimsomee karatasi yake mimi mwenyewe, kama ilivyo, nimalize, ili kesho uondoke mwepesi. Unaona jinsi nilivyo? Hata kutubu nilitaka nikupangie kama ratiba ya basi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani anageuza michembe juani, vipande vya viazi vitamu vya kukaushwa. Mwanawe Shija ndiye aliyeleta viazi vyake kutoka kwao Bukombe. Nikasalimu, "Mwadila, mayu," akaitikia vizuri, akanisogezea kigoda.

"Hii ni ya Minza," akasema akionyesha michembe. "Huko Geita ataipata wapi?"

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumsomea ile karatasi ya Baba Shija.

"Alishanisomea Minza."

"Mama Shija, Minza alinisitiri. Haikuandikwa vile."

Aliendelea kugeuza vipande, kimoja, kingine, kingine. Halafu mkono ukasimama.

"Kumbe aliyeandika hivyo ni wewe yuleyule?"

"Ni mimi."

"Na ile ya makaburini?"

"Ni mimi."

"Kwa kalamu ileile?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitegemea atalia au atanifukuza, nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Aliingia ndani akatoka na ule mfuko wa plastiki, akaukumbatia kifuani na hakunipa. Nilipoanza kusema kilichoandikwa akainua mkono.

"Yaya, hapana. Wewe nyamaza. Wewe ulinisomea moja ukaficha moja, sasa nitajuaje unachonisomea leo ni kipi? Mtoto ndiye alinisomea. Mtoto ndiye atanisomea tena."

"Mama Shija, anaondoka kesho asubuhi na mapema. Ana safari ya kuanza maisha. Tafadhali, usimbebeshe."

"Nani amembebesha?"

Kuku walikuwa wanaikaribia michembe, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

"Atapita hapa," akasema. "Kwenda barabarani hakuna njia nyingine. Nitakuwa mlangoni." Akainama akaanza kukusanya michembe kwenye kitambaa, na mimi nikajua nimeambiwa niondoke.

Basi nimerudi nimekaa hapa, na nina hasira kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Nina hasira na meneja ambaye sijui hata kama yuko hai. Nina hasira na mwalimu wa sekondari na katekista na rozari yangu. Nina hasira na wewe kidogo, kwa kuwa na huruma ya mapema vile. Ninayemkasirikia zaidi unamjua. Nilikwenda kukutua mzigo, nimekuongezea. Ningeweza kuamka alfajiri nikakupitisha nyuma, kwenye reli, ukadandia gari kule kwenye mizani, Mama Shija akabaki mlangoni na karatasi yake. Nimelifikiria hilo, nakiri, nimelifikiria kwa dakika kadhaa, na hata njia niliipanga. Ndiyo maana nakuandikia, ili nisiweze.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Hiace ya Kahama inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Tutatoka hapa kumi na moja na robo tatu, mapema kuliko mama yako anavyotaka. Begi nitalibeba mimi. Tukifika kwa Mama Shija nitasimama mahali ambapo nyote wawili mtaniona, na sitasema neno. Atakupa karatasi. Itakuwa bado haijapambazuka vizuri, washa tochi ya simu.

Msomee kama ilivyo. Ukifika kwenye alishindwa, sema alishindwa. Ukifika ya pili, iseme na ya pili. Usiharakishe, usinitazame. Akikuuliza kama ni kweli, mwambie habari ya mkanda, mwambie Jumatatu na Jumatano, sasa unazijua. Kama baada ya hapo hatakupa michembe, usishangae, na kama atakupa, pokea kwa mikono miwili.

Halafu kuna jambo dogo la mwisho. Mama Shija aliniambia leo nikiwa nimeshafika kwenye kona ya ua wake, kwamba siku ile kwenye benchi ulisoma, ukasoma, halafu ukaikunja karatasi wakati chini bado kulikuwa na maandishi. Alidhani yalikuwa namba tu.

Kesho usiikunje. Soma mpaka chini, na jina langu.

Baba yako